Nimenunua onlaini albamu ya stempu iliyonifanya nimwite wifi yangu mwizi

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, kama mpo humu. Wengine wote marahaba, nimejibu kabisa kabla hamjasalimia.

Mimi ni bibi wa Ilomba, Mbeya. Nina wajukuu kumi na mmoja, na mmoja yuko chuo Iringa anasomea mambo ya udongo. Hilo halihusiani na uzi huu, nimeona tu mlijue.

Shule niliishia darasa la nne. Ukikuta neno limekaa vibaya, liruke uendelee. Naandika kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kinauma kukiwa na baridi.

Haya ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu mawili. La kushoto lina mtoto wa jicho, lakini wakati ule lilikuwa zima. Na kwenye habari hii mkosaji ni mimi, kwa hiyo sina faida ya kudanganya.

Tuanze.

Nipo kwenye grupu moja la kuuza na kununua vitu vya zamani. Huwa naingia kuangalia pasi za mkaa na redio za mbao, nacheka peke yangu. Vitu tulivyovitupa jalalani leo watu wanavigombania.

Jumanne moja nachambua maharage, simu iko juu ya ungo. Nikaona posti imeandikwa hivi:

"Albamu ya stempu, used, ya miaka ya 70. Stempu zimegandishwa na kitu kisichojulikana, hazibanduki. Ina matundu ya wadudu. Bei maelewano. Ipo Iringa."

Kitu kisichojulikana.

Wakuu, mimi nakijua. Ni ugali.

Maharage yote chini. Nikaivuta ile picha kwa vidole viwili kama nilivyofundishwa, nikaona ukurasa wa samaki, na pembeni chini samaki mmoja amelala kichwa chini miguu juu. Najua samaki hana miguu, mmenielewa. Yule samaki nilimbandika mimi, nikamkosea, na alikuwa ameshakauka.

Ile albamu ilikuwa yangu. Ilipotea nikiwa bibi harusi, karibu miaka hamsini iliyopita. Na kwa muda wote huo nimekuwa nikisema aliyeiiba ni wifi yangu Tumpe, dada wa marehemu mume wangu, ambaye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Sasa rudini na mimi nyuma kidogo, bila hivyo hamtanielewa.

Mwaka siutaji, nitakosea. Ni miaka ya sabini katikati, ile barabara ya lami ya Iringa kwenda Mbeya ilikuwa bado inanuka lami. Kwetu ni Iringa, chini ya kilima, pembeni mwa mji. Mimi msichana, nampikia mama mmoja wa kizungu aliyekuwa anafundisha chuo pale mjini.

Alipoondoka kurudi kwao vyombo aligawia wakubwa. Mimi akanipa albamu ya stempu, na alikuwa ameitumia kurasa tatu tu. Akanionyesha na vikaratasi vidogo vya kunasia stempu, akasema vikiisha nitanunua vingine dukani. Duka gani, hakusema.

Viliisha wiki ya kwanza.

Nikatumia ugali. Unachukua ugali wa sembe uliopoa, unausugua kwa kidole mpaka unalainika, unapaka nyuma ya stempu, unakandamiza. Haitoki hapo mpaka kiama. Sikufikiria kwamba panya na wadudu nao wanapenda ugali. Kurasa za mwanzo zilitobolewa mimi bado nashangilia.

Stempu nilizipata kwenye bahasha za kutupa. Nilikuwa napita ofisi za mjini, makarani walishanijua. "Binti wa bahasha huyo, mpeni taka zake." Nikibeba taka zangu najiona tajiri.

Sikupanga kwa nchi. Nchi nilikuwa nazijulia wapi? Nilipanga samaki na samaki, vipepeo na vipepeo, treni peke yake. Wakubwa wa nchi walipata kurasa nne, wote wanaume, huyu ndevu, huyu kofia, huyu kipara. Malkia alikuwa mmoja tu, nikamweka katikati awachunge.

Jalada lilipochakaa nililivika kitenge cha kijani. Uzi mweupe uliniishia njiani, nikamalizia na mweusi.

Mama yangu hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa akipita nyuma yangu nikiwa nabandika anasimama, anaangalia vile vichwa, anaguna, anakwenda zake. Sikumuuliza anaguna nini. Nimekuja kutaka kumuuliza juzi, na hayupo tena duniani.

Basi akaja Ambakisye. Kijana wa Mbeya, kibarua wa mashamba kule Uyole, alikuja Iringa na lori la mbegu za viazi. Jinsi tulivyopatana siandiki hapa, wajukuu wangu wanasoma.

Mahari ikaisha, siku ya kwenda Mbeya ikapangwa. Kwao wakamtuma dada yake, Tumpe, aje kunisindikiza. Msichana mrefu, mdomo hauna breki. Akalala kwetu siku mbili.

Siku ya pili akanikuta nafungasha. Albamu nimeiweka chini kabisa ya sanduku la bati, vitenge juu. Akaichomoa, akaifunua, akacheka.

"Wifi, haya makaratasi unayapeleka Mbeya? Kwetu kuna baridi, tutawashia moto."

Nikamnyang'anya nikairudisha. Hilo neno la kuwashia moto likanikaa kichwani.

Kesho yake tumepanda basi, sanduku kalipakata yeye, maana mimi bibi harusi. Safari nzima mikono yake juu ya sanduku. Tumefika Mbeya, nimefungua, vitenge vipo, sufuria ipo, Biblia ipo. Albamu haipo.

Nikamuuliza. Akasema, "Wifi, mimi sijui." Akacheka tena, na kile kicheko ndicho kilichomponza.

Nikanyamaza. Bibi harusi hagombani wiki ya kwanza.

Mwezi wa tatu ulipofika Tumpe alikuwa anauza karanga Uyole pale malori yanaposimama. Anakunja karatasi kama pembe, anajaza karanga. Nikanunua moja. Nilipomaliza nikaikunjua ile karatasi, nikaona tone la ugali limekauka juu yake.

Wakuu, niliifunga kwenye pindo la kanga. Nikasema ushahidi huu hapa, albamu yangu imeisha kwa kufungia karanga.

Jumapili kanisani, tuko akina mama kumi na mmoja tunapanga zamu za usafi, na siku hiyohiyo walitaka kumchagua Tumpe awe mweka hazina wa kikundi. Nikasimama na ile karatasi mkononi. Nikasema, "Mnampa kisanduku mwizi? Ameniibia kwenye sanduku langu la harusi."

Tumpe akafungua mdomo. Nikamkatiza. Akafungua tena, nikamkatiza tena. Akaondoka.

Hawakumchagua. Sio siku hiyo tu. Hawakumchagua tena milele.

Toka hapo tunasalimiana, tunazikana, tunapeana pole. Kula kwangu hali, na mimi kwake sili. Karanga zake sijaonja tena. Mume wangu alituita mara tatu atupatanishe, nikasema arudishe kwanza albamu. Amekufa akiwa na mke na dada wasiokula sahani moja. Hilo liacheni hapo, linaniuma.

Sasa turudi kwenye simu na maharage chini.

Jambo la kwanza lililonijia kichwani, nawaambia ukweli, halikuwa furaha ya albamu. Lilikuwa hili: nimempata. Albamu iko Iringa, na Tumpe alilala Iringa kwetu siku mbili. Kumbe aliiuza hukohuko kabla hatujapanda basi, kurasa chache akabaki nazo za kufungia karanga. Naileta, naiweka mezani kanisani, tuone atacheka vipi.

Nikaingia kwenye komenti. Kuna jamaa anajiita mkusanyaji ameshaandika: "Stempu zenye gundi hazina thamani, nakupa bei ya karatasi chakavu."

Nikamjibu: "Chakavu ni wewe. Hiyo ina mwenyewe."

Binti yangu kusikia nanunua kitu onlaini akasema, "Mama, utapigwa." Nikamwambia nimelea watoto sita na soko la Uyole nalijua kabla hajazaliwa, anipige nani.

Lakini kweli sikutuma hela kichwakichwa. Nilipiga simu.

Akapokea mwanaume mtu mzima, anaitwa Festo. Baba yake alikuwa Mwalimu Kilian, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, amefariki, na watoto wanasafisha nyumba. Nikamwambia, "Mwanangu, kabla ya bei, fungua ukurasa wa samaki. Pembeni chini kuna nini?"

Nikasikia anafunua. "Kuna samaki kageuzwa."

"Kurasa za wakubwa wa nchi, nani yuko katikati?"

"Malkia."

Naye akanijaribu. "Na wewe bibi niambie, jalada lina rangi gani? Kwenye posti sikuionyesha."

"Kitenge cha kijani, uzi mweupe, umemaliziwa na mweusi."

"Shikamoo bibi," akasema, kama ndiyo kwanza tunaonana.

Nikamuuliza baba yake aliinunua kwa nani. Akasema hakumbuki habari ya kununua, yeye alikuwa mtoto, ameikuta siku zote kwenye kabati la vitabu vya darasani. Nikajisemea moyoni, hamjui tu, mimi namjua aliyeuza.

Akaiondoa posti siku hiyohiyo. Tukapatana bei, na kwamba ataiweka kwenye basi Alhamisi asubuhi, niipokelee Uyole.

Ngojeni hapa. Kabla ya Alhamisi nilifanya kitu cha kipumbavu.

Jumatano nilipita kwa Tumpe. Amekaa kibarazani anapepeta karanga, kanga mbili mabegani kwa ajili ya baridi. Nikasimama nje, sikuingia.

"Albamu yangu nimeipata," nikasema.

Hakuinua uso. "Iko wapi?"

"Iringa. Inakuja kesho. Jumapili nitaileta kanisani."

Akapeperusha maganda. "Ilete kwanza hapa," akasema. "Mimi miaka yote hii nasikia tu habari zake. Nilishika mara moja, ukaninyang'anya."

Nikaondoka nimevimba kama andazi.

Alhamisi nilikuwa Uyole toka asubuhi, basi bado liko huko Makambako. Ukungu, malori yanapuliza moshi, mimi nimekaa juu ya gunia la viazi la mtu, naulizia kila basi linalosimama. Moyo unapiga kama ninayesubiri kuolewa mara ya pili. Kondakta mmoja akaniuliza, "Bibi, unasubiri mgeni?" Nikasema ndiyo. Akauliza mkubwa au mtoto. Nikasema ni wa miaka hamsini, ana kitenge cha kijani.

Likaja. Mzigo umefungwa na gazeti na kamba ya katani. Sikuweza kungoja nifike nyumbani. Nilifungulia palepale juu ya viazi.

Harufu ilinirudisha mpaka jikoni kwa mzungu wangu. Vipepeo wangu, wakuu. Wale wa njano wamepauka, wa bluu wako vilevile. Treni zangu. Samaki. Malkia bado anachunga. Mwenye viazi akainama kuangalia, akasema, "Bibi unalia au ni ukungu?" Nikamwambia auze viazi.

Halafu nikaanza kuhesabu kurasa, nione ngapi zimechanwa kwa ajili ya karanga.

Haukuwepo hata mmoja uliochanwa.

Nikarudia. Nikapitisha kidole kwenye mshono, ukurasa mmoja mmoja. Zote zipo. Matundu ya wadudu yapo, lakini kurasa zote zipo kama siku niliyozifungasha.

Sasa ile karatasi ya karanga ilitoka wapi?

Nikaona kingine. Chini ya stempu kumeandikwa kwa penseli. Chini ya samaki, "samaki". Chini ya treni, "treni". Sio mwandiko mmoja, ni miandiko ya watu wengi, mingine mikubwa inapanda mlima, mingine imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Nikaelewa. Mwalimu alikuwa anafundishia. Wazee wa kwetu wamejifunza kusoma kwenye albamu yangu, wanaangalia picha, wanaandika jina lake.

Nikafunua mpaka mwisho. Ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeuacha mtupu.

Haukuwa mtupu. Katikati, kwa herufi kubwa kila moja kama imebebwa peke yake kutoka mbali, pameandikwa:

HIKI CHA ATANASIA MWANANGU. AKIJA APEWE.

Na chini: MAMAYE.

Atanasia ni mimi.

Wakuu, mimi mwandiko wa mama yangu sijawahi kuuona. Nilijua ni mtu wa dole gumba. Niliwahi kusikia kwamba baada ya mimi kuolewa alijiandikisha kisomo, nikasema huyo anafuata nyimbo na maongezi. Kumbe alifika mpaka hapa, kaandika sentensi mbili, na zote zinanihusu mimi.

Nilikaa kwenye lile gunia mpaka mwenye viazi akaniomba ninyanyuke, kapata mteja.

Nikampigia Festo. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote mkubwa hapo nyumbani anayejua kitabu hiki kilifikaje. Akasema yupo mama yake, ila masikio mazito, nipige kelele. Akampa simu.

"Kamwene, mama," nikamsalimia kikwetu.

"Kamwene. Nani?"

"Mimi Atanasia. Wa kile kitabu cha stempu."

Halafu yule mama mkongwe akaanza kucheka, kicheko cha kifuani.

"Wewe ndiye yule binti wa vichwa vya wanaume?"

Nikasema sijaelewa. Akanieleza, na ninawaandikia kama alivyosema.

"Mama yako alikuja hapa asubuhi ileile mliyoondoka, kitabu amekificha ndani ya kanga. Akamwambia mume wangu, 'Mwalimu, nisaidie. Binti yangu anaolewa leo, na kwenye sanduku amejaza picha za wanaume, kurasa nne, wenye ndevu na wasio na ndevu. Wakwe wakifungua wakamuuliza hawa ni nani, atajibu nini? Wifi yake jana amekichomoa, amekifunua, amecheka. Nimekitoa alfajiri wakiwa wanaoga. Nyumbani siwezi kukiweka, kina ugali, panya watakimaliza. Wewe kitunze, fundishia watu, akirudi kunisalimia apewe chake.'"

"Na Mwalimu hakumwambia kwamba ni stempu tu?" nikauliza.

"Alimwambia. Mama yako akasema, 'Mwalimu, wewe unajua ni stempu, na mimi sasa najua ni stempu. Wale wa Mbeya nani atawaambia?'"

Hapo nilicheka na kulia kwa pamoja, watu wa Uyole wakanipisha njia.

Kwa nini sikujua? Kwa sababu sikurudi. Nauli, mimba, mimba tena. Na mama sikumwambia kwamba albamu imepotea, ningemwambiaje kwamba nimeolewa kwenye ukoo wa wezi? Mara ya kwanza kurudi Iringa nilikuja kumzika, na Mwalimu alikuwa ameshahamishiwa Mufindi na kabati lake, kumbe alipostaafu alirudi nalo.

Kwa hiyo mama alificha kitabu ili nisipate aibu kwa wakwe. Mimi nikawatia aibu wakwe kwa sababu ya kitabu.

Sasa sehemu ngumu.

Sikusubiri Jumapili. Kutoka Uyole nilikwenda moja kwa moja kwa Tumpe, na safari hii niliingia ndani. Nikaiweka albamu kwenye mkeka mbele yake. Nikamfungulia ukurasa wa mwisho. Akasoma taratibu, midomo inacheza. Nikamweleza yote, mpaka vichwa vya wanaume. Nikasema, "Wifi, hukuiba. Nilikosa mimi. Nisamehe."

Akaanza kufunua kurasa toka mwanzo. Akafika kwa wakubwa wa nchi.

"Kweli ni wengi," akasema. "Hata mimi ningekuuliza hawa ni nani."

Nikamuuliza, "Na ile karatasi ya karanga, lile tone la ugali lilitoka wapi?"

Akaniangalia kama mtu anayeona nyota mchana. "Nilikuwa nakunjia karanga jikoni, wifi. Jikoni kwako wewe hakuna ugali?"

Miaka karibu hamsini, wakuu. Hilo ndilo jibu alilotaka kunipa siku ile kanisani, nikamkatiza mara mbili.

Halafu akafunga albamu. Akasema, "Uliniita mwizi mbele ya watu wangapi?"

"Kumi na mmoja, pamoja na sisi wawili."

"Wangapi wako hai?"

Nikahesabu kwa vidole. "Watatu. Na sisi."

"Waite hao watatu."

Nikaenda kuwaita mmoja mmoja kwa miguu yangu. Mmoja anatembelea fimbo, mmoja haoni, mmoja mzima kuliko sisi wote. Tukakaa pale mkekani. Nikasimama kama nilivyosimama siku ile, ila mkononi nina albamu badala ya karatasi. Nikasema: nilimwita Tumpe mwizi, hakuwa mwizi, mama yangu ndiye aliyetoa kitabu, na nyinyi mlimnyima kazi kwa sababu ya mdomo wangu.

Yule asiyeona akaomba kushika kitabu. Akapapasa ukurasa wa mwisho, pale mama alipokandamiza penseli, akasema herufi anazisikia kwa kidole.

Wale sita waliotangulia wamezikwa wakijua Tumpe mwizi. Kwao sina la kufanya. Ndilo linalonisumbua nikiandika hapa.

Wageni walipoondoka na mimi nikanyanyuka. Tumpe akasema, "Kaa."

Akaingia jikoni. Akatoka na karatasi imekunjwa kama pembe, ya moto, imejaa karanga. Akanishikisha mkononi.

"Kula."

Nikamwambia, "Wifi, sina meno ya karanga siku hizi."

Akasema, "Ungekuja ukiwa nayo."

Halafu akachukua kinu akanitwangia. Nimezila zote, nimelamba na karatasi.

Wakuu, somo nililopata ni fupi. Ukimshika mtu kwa ushahidi, mwache afungue mdomo amalize. Na kama kuna mtu ulimpa jina baya mbele za watu, usikae unahesabu miaka. Hesabu waliosikia, uone ni wangapi bado wako hai, uanze kutembea.

Albamu iko kwangu, na kila Alhamisi inakwenda kwa Tumpe. Anapenda kurasa za wanaume.

Mkusanyaji, kama unasoma, haiuzwi, hata kwa bei ya dhahabu.

Ninachoomba kwenu ni ushauri. Wadudu bado wamo, nawasikia wakitafuna. Mwenye kujua namna ya kuwatoa bila kulowesha ugali na bila kufuta penseli ya mama yangu aniandikie hapo chini. Tumpe anasema niwaache, wamekaa humo wakivumilia kuliko sisi. Mimi sikubaliani naye, lakini safari hii nimemwacha amalize kusema.